Droni za burudani na usalama wa ndege: njia ya Marekani, ya Ulaya au ya kwetu?

Kila nchi inayotunga kanuni za droni za burudani hulazimika kwanza kuchagua mahali pa kuanzia. Marekani ilianzia kwenye uzito wa chombo na jina la mwenyewe. Umoja wa Ulaya ulianzia kwenye hatari ya mruko: chombo gani, karibu na nani, kwa umbali gani. Kenya na Tanzania zilianzia mlangoni, kwenye kibali cha kuingiza na kumiliki. Zote zinasema zinawalinda watu waliomo ndani ya ndege. Naziweka bega kwa bega hapa kwa sababu kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, mamlaka hukaribisha maoni ya wananchi, na mtu anayerusha droni Mombasa, Arusha au Minneapolis anastahili kujua ni njia ipi aitetee.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usisome ukiwa gizani. Naona njia ya Ulaya ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa ajali zilivyotokea, lakini ina mapengo mawili ambayo Marekani imeyaziba vizuri zaidi. Ya kwetu ni kali kuliko zote kwa mtu anayetii, na ndiyo inayomfundisha kidogo kuliko zote.

Ajali za kupimia

Ukali wa kanuni hauonyeshi kama inafaa. Kinachoonyesha ni swali hili: kama ingalikuwepo siku ile na ikafuatwa, ndege ingalisalimika? Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nchi, tutazame migongano iliyothibitishwa na wachunguzi.

Tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya UH-60 Black Hawk iligongana na droni aina ya DJI Phantom 4 mashariki ya Staten Island, New York. Panga moja la juu lilibonyea kiasi cha inchi moja na nusu, na mota ya droni ikakutwa imenasa kwenye helikopta. Kwa nambari zilizokuwa kwenye mabaki hayo, bodi ya uchunguzi ya NTSB ikamfikia mwenye droni. Alikuwa akirusha kwa burudani. Droni yake ilikuwa maili mbili na nusu kutoka aliposimama, mbali kuliko macho yanavyoweza kuona, na hakujua kwamba anga ile ilikuwa imewekewa zuio la muda kwa ajili ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alikuwa akitegemea programu ya droni imwonye. Hata kwamba amegonga helikopta hakujua mpaka wachunguzi walipomtafuta.

Lakini jambo la kukumbuka zaidi katika ajali hiyo ni urefu. Helikopta ilikuwa futi 300 tu juu ya maji. Kikomo cha droni kinachotajwa karibu kila nchi ni futi 400, yaani mita 120. Droni na helikopta zilikutana *chini* ya kikomo hicho. Anayekuambia kwamba ukikaa chini ya futi 400 huwezi kukutana na ndege hajafikiria helikopta za polisi, za wagonjwa, za jeshi, wala ndege za kunyunyizia dawa mashambani.

Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Oktoba 2017, ndege ndogo ya abiria aina ya King Air A100 ikiwa na watu 8 iligonga droni ilipokuwa ikishuka kwenda kutua Québec, Kanada. Walikuwa kwenye kiasi cha futi 1,500. Kanada wakati huo ilikuwa na amri ya muda inayozikataza droni za burudani kupita mita 90. Droni ile ilikuwa juu ya kikomo hicho takribani mara tano. Ndege ilitua salama na uharibifu ulikuwa mdogo. Mwenye droni hakupatikana.

Tarehe 10 Agosti 2021, tena Kanada, Cessna 172 yenye mkufunzi na mwanafunzi wake iligonga droni ilipokuwa inakaribia kutua Buttonville, karibu na Toronto. Droni hiyo haikuwa ya burudani, ilikuwa ya polisi, na aliyeirusha alikuwa na mafunzo. Naileta makusudi, kwa sababu wako wanaoamini kwamba leseni peke yake inamaliza tatizo. Rubani wa droni alikuwa amezidiwa na kazi ya kutazama skrini, na aliyewekwa kuangalia anga hakuiona ndege wala hakuisikia kwa wakati.

Ya mwisho ni ya tarehe 9 Januari 2025. Los Angeles ilikuwa inaungua. Ndege ya kuzima moto aina ya CL-415, iliyotoka Québec kuja kusaidia, ilitobolewa bawa na droni ya raia aliyetaka kuuona moto wa Palisades. Anga ilikuwa imefungwa. Droni ilikuwa imepelekwa zaidi ya kilomita mbili na mwenyewe alishaacha kuiona. Ndege ikaegeshwa kwa siku kadhaa kwa matengenezo huku nyumba za watu zikiendelea kuteketea. Sijui mfano ulio mzito kuliko huu wa madhara ya mtu mmoja kutotazama ramani kabla ya kuwasha droni.

Kuna mambo mawili yanayojirudia hapo. New York na Los Angeles, mrushaji alikuwa haioni droni yake na aliingia kwenye anga iliyofungwa. Québec, hakuna aliyejua wa kumuuliza. Kanuni nzuri lazima iyaguse yote mawili.

Sijataja Gatwick, na nina sababu. Mwezi Desemba 2018 uwanja huo wa ndege wa kusini mwa London ulifungwa kwa jumla ya saa 33 hivi, safari kama 1,000 zikavurugika na abiria wapatao 140,000 wakaathirika, kwa taarifa za droni zilizoonekana. Hakuna aliyeshtakiwa. Miaka miwili kabla yake, Aprili 2016, rubani wa British Airways aliripoti kugongwa na kitu karibu na Heathrow; siku chache baadaye waziri mdogo wa uchukuzi, Robert Goodwill, aliliambia Bunge kwamba huenda ulikuwa mfuko wa plastiki. Rubani anayetua hana muda wa kukagua kitu kilichompita kwa kasi, hivyo simlaumu. Ila ripoti za kuona droni hazifai kuhesabiwa kama migongano, na kanuni iliyotungwa kwa hofu ya siku tatu huwa na kasoro zake.

Namba 250 imetoka wapi?

Ukisoma kanuni za nchi nyingi utakutana na gramu 250 kila mahali. Watengenezaji wameifuata: droni nyingi ndogo zinazokunjwa zimeundwa zipime gramu 249. Watu wengi hudhani wataalamu walirusha droni kwenye injini za ndege wakaona kwamba chini ya uzito huo hakuna madhara. Sivyo.

Namba hiyo ilitoka kwa kikosi kazi kilichoundwa na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, mwaka 2015. Walikokotoa nguvu ambayo droni inayoanguka ingempiga nayo mtu aliye chini, wakachukua jouli 80 kama mpaka wa kuua, wakarudi nyuma hadi kwenye uzito. Kwa maneno mengine, gramu 250 ni kipimo cha kichwa cha mpita njia. Si kipimo cha bawa wala injini.

Kwa upande wa ndege tunayo majaribio mengine. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dayton kilifyatua Phantom 2 ya karibu kilo moja kwenye bawa la ndege ndogo ya Mooney M20 kwa kasi ya maili 238 kwa saa. Droni haikusambaratika nje ya bawa; ilipenya ndani na kuharibu mhimili mkuu. DJI, waliotengeneza droni hiyo, walipinga wakisema kasi hiyo ni kubwa kuliko hali halisi, na hoja yao ina uzito fulani, kwa kuwa ndege hiyo na droni hiyo zingelazimika kukutana zote zikiwa kwenye kasi zao za juu kabisa. Hata hivyo utafiti wa vyuo vilivyo chini ya ASSURE, mpango wa Marekani wa utafiti wa droni, uliotolewa Novemba 2017, ulifikia mahali hapo hapo kwa njia nyingine: kwa uzito ulio sawa, droni huumiza ndege kuliko mnyama arukaye. Mwili wa ndege wa porini hutawanyika unapogonga. Mota na betri ni vitu vigumu, havitawanyiki.

Kwa hiyo anayekuuzia droni ya gramu 249 akakuhakikishia kwamba ni salama kwa ndege anachanganya mambo. Ni salama zaidi kwa watu walio chini. Kwa helikopta, kilicho salama ni kutokuwepo mahali ilipo.

Marekani: jina lako kwanza

Historia ya Marekani imejaa kurudi nyuma. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria iliyoikataza FAA kutunga kanuni mpya kwa vyombo vya mfano vinavyorushwa kwa burudani chini ya miongozo ya vyama vya warushaji. Ilikuwa heshima kwa watu waliokuwa wakirusha ndege za mfano viwanjani kwa miongo mingi bila kuumiza mtu. Kisha droni zikaanza kuuzwa madukani, zikanunuliwa na watu wasiojua chama wala uwanja. Desemba 2015 FAA ikaleta usajili. Mpenda droni mmoja, John Taylor, akaenda mahakamani, na Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ikamkubalia: sheria ya 2012 haikuruhusu usajili huo kwa watu wa burudani. Desemba mwaka huo Bunge likaurudisha.

Tazama tarehe hizo vizuri. Mgongano wa Staten Island ulitokea Septemba 2017, katikati ya pengo hilo la miezi saba.

Mwaka 2018 Bunge lilifuta ile kinga ya 2012 na kuweka masharti mapya, ambayo ndiyo yaliyopo sasa. Anayerusha kwa burudani husajili kwa dola 5 kwa miaka mitatu kama chombo chake kinazidi gramu 250. Hukaa chini ya futi 400 kwenye anga isiyoongozwa, yaani isiyosimamiwa na waongoza ndege. Huitazama droni yake kwa macho, au huwa na mtu kando yake anayeitazama. Hufanya mtihani wa TRUST, ulioanza Juni 2021, hata kama droni yake ni ya gramu 249. Na akitaka kurusha kwenye anga inayoongozwa karibu na uwanja wa ndege, huomba ruhusa.

Hapo kwenye ruhusa ndipo Marekani inapong'ara. Kuna mfumo unaoitwa LAANC: unafungua programu kwenye simu, unachagua mahali, unaona gridi yenye urefu unaoruhusiwa kila mraba, unaomba, na mara nyingi jibu linakuja papo hapo. Mtu anayejua kwamba ruhusa inapatikana kwa dakika moja hana sababu ya kurusha kwa kujificha.

Kitu cha pili ni kitambulisho cha redio, ambacho warushaji walitakiwa kukitii kuanzia Septemba 2023, na FAA ikaanza kukisimamia kwa nguvu Machi 2024. Droni hutangaza nambari yake, mahali ilipo, na mahali aliposimama mrushaji. Kilipingwa vikali kwa hoja ya faragha, na si hoja ya kupuuza: mtu yeyote mwenye simu na programu inayofaa anaweza kujua umesimama wapi na droni yako ya bei kubwa. Julai 2022 mahakama ilikataa kesi iliyopinga kanuni hiyo. Vyama vya ndege za mfano vimepewa viwanja maalumu ambako vyombo visivyo na kifaa hicho vinaweza kuruka. Nakiunga mkono, pamoja na wasiwasi wangu kuhusu wizi, kwa sababu ya Québec.

Kasoro ya Marekani ni mtihani. TRUST ni bure, unafanywa mtandaoni, na ukikosea unaelezwa jibu kisha unachagua tena mpaka upate yote. Huwezi kufeli. Unatoa elimu fupi kwa mtu aliye tayari kusoma, na hautoi chochote kwa anayebonyeza ili amalize.

Ulaya: hatari ya mruko kwanza

Kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kutumika tarehe 31 Desemba 2020. Zimegawa miruko katika makundi matatu, na karibu burudani yote imo kwenye kundi la wazi, ambalo nalo lina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya droni nyepesi zinazoweza kuwa karibu na watu. Ya pili ni ya droni za hadi kilo 4 zenye alama ya daraja la C2, ambazo lazima zikae mita 30 kutoka kwa watu wasiohusika, au mita 5 zikiwa kwenye mwendo wa polepole. Ya tatu ni ya vyombo vizito hadi kilo 25, navyo hukaa mbali na watu na mita 150 kutoka kwenye makazi, viwanda na maeneo ya starehe. Ngazi zote zina kikomo cha mita 120, na zote zinadai uione droni yako kwa macho. Tangu Januari 2024 droni mpya inayouzwa kwa ajili ya kundi hili hubeba alama ya daraja kuanzia C0 hadi C4, kwa hiyo mnunuzi anajua dukani ni wapi ataweza kuirusha.

Ninachokipenda hapa ni kwamba mzigo wa mrushaji unapanda pamoja na hatari anayoileta. Mwenye droni yenye kamera husajiliwa hata ikiwa chini ya gramu 250, isipokuwa ni kichezeo. Anayerusha chombo kizito kuliko hapo hufanya mtihani wa mtandaoni wa maswali 40, na asilimia 75 ndiyo ya kupita. Huu unaweza kufeli. Anayetaka kukaribia watu na droni nzito huongeza mtihani mwingine wa maswali 30 pamoja na mazoezi ya kujitegemea. Vyama vya ndege za mfano vinaweza kupewa idhini yao na kuendelea na desturi zao.

Kuna kasoro mbili. Ya kwanza, ramani za maeneo yaliyofungwa ni kazi ya kila nchi, na ubora wake unatofautiana sana ukivuka mpaka. Anayetoka Ujerumani kwenda Italia lazima ajifunze ramani mpya, na kwenye maeneo mengi ruhusa haipatikani upesi kama LAANC. Ya pili, mrushaji wa chombo chepesi kabisa hafanyi mtihani wowote. Anatakiwa kusoma maelekezo ya mtengenezaji tu. Hapo Marekani imemzidi, maana TRUST, pamoja na udhaifu wake, haiangalii uzito.

Uingereza, iliyotoka kwenye Umoja huo, imeanza kuliona hilo. Baada ya Gatwick ilipanua eneo la marufuku kuzunguka viwanja kutoka kilomita moja hadi takribani kilomita tano mwezi Machi 2019, ikaleta usajili na mtihani Novemba mwaka huo, na kuanzia Januari 2026 mtihani unamhusu kila anayerusha chombo cha gramu 100 au zaidi.

Kuhusu zile kilomita tano, hesabu yake ni rahisi na kila mrushaji aifanye mwenyewe. Ndege ya abiria hushuka kwenda kutua kwa pembe ya nyuzi tatu, yaani inapoteza takribani mita 52 za urefu kwa kila kilomita, ikivuka mwanzo wa njia ya kutulia kwenye mita 15 hivi. Rudi nyuma kilomita mbili: ndege iko kwenye mita 120. Ndicho kile kile kikomo unachoruhusiwa. Mtu aliyetii mita 120 akiwa kilomita mbili kutoka uwanjani, kwenye mstari wa kutua, ameiweka droni yake usoni mwa rubani. Ndiyo maana kilomita moja haikutosha, na ndiyo maana kikomo cha urefu bila ramani ni nusu ya kanuni.

Kenya na Tanzania: kibali kwanza

Kenya ilikaa muda mrefu ambapo droni ya raia ilikuwa kama haramu. Kanuni za kwanza za mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na za sasa ni za mwaka 2020. Ukizisoma utaona zimejifunza kutoka Ulaya: kuna makundi A, B na C kwa kufuata hatari, na kundi la chini lina kikomo cha futi 400. Lakini kabla hujafika kwenye makundi hayo unahitaji ruhusa ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, ya kuingiza chombo, na kukisajili. Tanzania nako mamlaka ya anga, TCAA, ndiyo inayotoa kibali, na idhini ya upande wa ulinzi imo ndani ya safari hiyo. Mbuga za taifa za nchi zote mbili zimefungwa kwa droni isiyo na ruhusa ya wasimamizi wake.

Sidharau sababu za ulinzi. Nchi iliyoshambuliwa na magaidi ina haki ya kuuliza nani anarusha kamera angani. Na anga yetu ina hatari zake. Wilson, Nairobi, ni uwanja wenye ndege ndogo nyingi mno, umepakana na mbuga upande mmoja na mitaa ya watu upande mwingine. Ndege ndogo kati ya Dar es Salaam na Unguja huruka kutwa nzima. Maasai Mara na Serengeti zina viwanja vya ndege vya changarawe visivyo na mnara wa kuongozea, ambako rubani hutegemea macho yake na redio tu. Kwa mazingira hayo, mfumo kama LAANC hauwezi kunakiliwa ulivyo, kwa sababu umejengwa juu ya anga zenye waongozaji.

Tatizo langu ni kwamba kibali cha kumiliki hakingezuia hata mmoja wa migongano niliyoitaja. Swali la New York na Los Angeles halikuwa kama mtu anaruhusiwa kuwa na droni. Lilikuwa kama anajua anga imefungwa na kama anaiona droni yake. Kibali kigumu humchuja mtu mwadilifu asiye na muda wa kufuatilia makaratasi, na humwacha aliyeibeba kwenye begi la nguo kutoka Dubai akaanza kurusha bila kuulizwa, bila kusomeshwa, bila kuonyeshwa ramani. Huyo wa pili ndiye hatari kwa ndege, naye hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Na si kwamba kanda yetu haiwezi. Zanzibar ilipigwa ramani kwa droni kuanzia 2016, kazi iliyowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni za Zipline tangu Oktoba 2016, kwa njia zilizokubaliwa na wasimamizi wa anga. Taasisi zimepewa njia. Kijana mwenye droni ya gramu 249 anayetaka kupiga picha harusi ya dada yake ndiye aliyeachwa bila ngazi ya kwanza ya kukanyaga.

Kwa ufupi, ukitaka kuzitazama pamoja

| | Marekani | Umoja wa Ulaya | Kenya na Tanzania |
|---|---|---|---|
| Hatua ya kwanza | Usajili mtandaoni, dola 5 kwa miaka 3 | Usajili wa mrushaji, kisha mtihani kwa kufuata ngazi | Kibali cha mamlaka kabla ya kuingiza au kurusha |
| Uzito mdogo unakupa nini | Hakuna usajili hadi gramu 250, kwa burudani tu | Hakuna mtihani chini ya gramu 250. Kamera inadai usajili | Usiutegemee. Uliza kwanza |
| Mtihani | Kwa wote, lakini haufeliki | Maswali 40, unafelika | Hutegemea aina ya kazi |
| Ruhusa karibu na uwanja | Papo hapo kwa simu, mahali pengi | Hutofautiana nchi kwa nchi | Kwa maombi |
| Panapovuja | Mtihani dhaifu | Ramani zisizolingana | Wasiosajiliwa hawafundishwi |

Uchague ipi?

Kama mamlaka ya nchi yako inakusanya maoni, pendekeza ngazi za Ulaya kama mifupa ya kanuni: mzigo upande na hatari. Juu yake omba mtihani mfupi wa Kiswahili kwa kila mrushaji bila kujali uzito, unaoweza kufeliwa na kurudiwa bure. Omba ramani moja ya taifa kwenye simu, yenye viwanja vyote pamoja na vile vya changarawe na mahali helikopta za wagonjwa zinapotua, inayoonyesha zuio la muda siku ile ile linapowekwa. Omba kitambulisho cha redio kwa droni zinazozidi gramu 250, taarifa za mahali aliposimama mrushaji zikabaki kwa polisi na wasimamizi wa anga tu. Na kwa droni nyepesi, kibali cha kuingiza kigeuzwe kuwa usajili wa uwanjani na forodhani, ili anayetoka Dubai aondoke pale akiwa na jina kwenye daftari na namba ya mtihani mkononi.

Kama unapigania jambo moja tu, pigania ramani.

Na kama wewe ni mnunuzi unayechagua droni leo, uamuzi unategemea unakoishi. Marekani, gramu 249 inakuondolea usajili na kitambulisho cha redio kwa burudani, lakini ukipokea hata malipo madogo kwa picha hizo umeshatoka kwenye burudani na masharti ni mengine. Ulaya, angalia alama ya daraja kabla ya bei: C0 au C1 zitakufaa mjini, C3 itakupeleka porini. Droni ya zamani isiyo na alama, hata ikiwa nzuri na rahisi, itakubana ikiwa inazidi gramu 250. Kenya au Tanzania, usinunue kabla ya kuzungumza na mamlaka, maana kinachoweza kukwamia forodhani ni chombo chenyewe na fedha zako zote.

Popote ulipo, weka mtu kando yako ambaye kazi yake ni kutazama na kusikiliza anga, asiguse simu. Mkisikia helikopta, usitafute kwanza iko wapi wala usimalizie picha. Shusha droni moja kwa moja hadi chini ya kimo cha paa au miti iliyo karibu, kisha ndipo utazame juu.